Alama ya Mkono Ukutani

Kiti cha magurudumu kilitoka Jeddah hadi Mombasa bila mkwaruzo. Kikapakiwa basi mpaka Mokowe, kikavuka kwa boti, kikateremshwa gatini Amu, yaani mji wa Lamu, na pale gatini kikapandishwa punda, maana magurudumu yake yalikuwa madogo na njia zetu ni za mawe na mifereji. Kikaingia mtaa wa Mkomani kama bibi harusi, watoto nyuma wakishangilia. Kilipofika kwa mamangu kikakwama dakani, kile kibaraza cha mlangoni.

Mlango wa nyumba ile ni wa mbao mbili za kuchonga, na siku zote hufunguliwa ubao mmoja. Tulipofungua zote mbili kiti kilipenya, lakini mbele yake kuna kizingiti cha mti kinachokupiga katikati ya muundi, halafu tekani, njia ya kuingilia yenye kona, halafu kiwanda, yaani ua wa ndani, na kutoka kiwandani kila chumba unachokiingia kiko juu kidogo kuliko ulichotoka. Ndivyo walivyojenga wazee: msana, ukumbi unaoelekea ua, juu ya kiwanda; ndani, chumba cha nyuma yake, juu ya msana. Kiti kikarudi dakani. Siku hizi hubebeshwa mtungi wa gesi, na sidhani kama kuna mtungi mwingine Lamu nzima unaotembezwa juu ya mto laini namna ile.

Simcheki kaka yangu aliyekituma. Alikatwa na uchungu huko aliko akafanya alichoweza, nasi tuliokuwa karibu tulifanya mambo ya kijinga zaidi ya hilo.

Mamangu alianguka mwaka juzi, usiku wa kuamkia Ijumaa, kabla ya adhana ya alfajiri. Miaka yote sisi tulikuwa tukiogopa ngazi. Ngazi za nyumba za mawe hazina huruma: za kwetu ni vidato 14, virefu, vyembamba, vimebanwa kati ya kuta mbili, na giza lake ni lile lile mchana na usiku. Hakuanguka ngazini. Alianguka chooni, kando ya birika, akiinama kuteka maji ya udhu.

Asiyelijua birika la nyumba ya Amu ni hivi: ni tangi la mawe na chokaa lililojengwa pembeni mwa choo, ukingo wake unafika magotini au juu kidogo, na maji yakipungua inakubidi uiname mpaka kwapa ndipo kata ifike. Zamani mulikuwa na visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Sisi tulivipa majina, na kimoja kilipokufa dadangu alikataa kula siku nzima. Basi mtu wa miaka 76, mkono mmoja umeshika ukingo uliolowa, mkono mwingine umezama na kata, macho hayajazoea giza. Kilichovunjika ni kifundo cha mkono. Nyonga ilisalimika kwa rehema za Mungu.

Vijana wanne wa mtaani walimbeba kwenye kiti cha plastiki mpaka hospitali, kwa sababu hakuna gari linaloingia katika vichochoro vile. Njia nzima aliwaomba radhi kwa uzito wake, na yeye hafiki kilo 50.

Baadaye, nilipoanza kusoma mambo haya, nilikuta takwimu ya Shirika la Afya Duniani kwamba kila mwaka watu wapatao 684,000 hufa kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na walio hatarini zaidi ni waliopita miaka 60. Nilishangaa, kwa sababu kwetu mzee akianguka husemwa "ni uzee", ikaisha hapo, kama vile uzee ndio uliomsukuma.

Daktari aliyemfunga plasta alituambia jambo moja tu: asipande ngazi tena. Tukalichukua neno lile kama hukumu ya kadhi. Kundi la WhatsApp la familia likawaka moto. Kaka wa Jeddah akanunua kiti. Kaka wa Mombasa akatuma pesa choo kitiwe vigae vipya, vya kung'ara, rangi ya maziwa, na akataka apigiwe picha kila siku aone kazi inavyokwenda. Dada wa Malindi akaleta mkeka wa mpira wenye picha za pomboo. Mimi, mkubwa wao na mwalimu juu ya hayo, nikateremsha vitu vya Mama vyote kutoka juu na kumtandikia chumba cha chini. Katika wiki tatu tulikuwa tumetumia pesa za harusi ndogo, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

Vigae vikilowa vilikuwa sabuni. Wa kwanza kuteleza alikuwa mpwa wangu, binti wa miaka 19 anayeishi na bibi yake, na huyo ana magoti ya mbuzi. Chumba cha chini nacho kilikuwa stoo tangu zama za babu. Kuta zake hutoa chumvi, ukiegemea unaondoka na unga mweupe mgongoni. Lakini ubaya wake mkubwa ulikuwa ukimya. Nyumba yetu ina wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia na kuegemea nyumba ya pili, na dirisha lake ndilo lililokuwa redio ya mamangu. Akikaa pale alijua nani amerudi baharini, nani amefiwa, mtoto wa nani analia na kwa nini. Alizungumza na jirani wa ng'ambo ya njia bila yeyote kati yao kuvaa buibui. Chini alisikia pampu ya maji, basi. Akaanza kuacha chakula. Siku moja nikamletea uji, akaniangalia, akasema, "Mumenizika kabla ya siku yangu."

Hapo ndipo nilipompigia simu binti wa mamangu mdogo, aliye Columbus, Ohio. Yeye kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Nilitaka kumuuliza bei ya vitanda vya hospitali. Hakunijibu bei. Aliniuliza, "Dada, msimamizi wenu ni nani?"

Nikamwambia tuko wanne, sote twasimamia.

"Basi hamna," akasema.

Akanieleza kuhusu mwanamke anayewapangia kazi yeye na wenzake. Kwa Kiswahili nakosa jina lililozoeleka. Nitamwita msimamizi wa matunzo. Huko Marekani wengi wao walisomea uuguzi au ustawi wa jamii, na kazi yenyewe ilianza kuwa na chama chake katika miaka ya 1980. Familia humwajiri aje amtazame mzee na nyumba yake, aandike kinachohitajika, atafute fundi, azungumze na daktari, arudi tena kuangalia kama kilichofanywa kinafaa. Hulipwa kwa saa, na kwa kawaida kutoka mfukoni mwa familia, maana Medicare, bima ya serikali yao kwa wazee, haimlipii. Kwa hiyo hata huko maskini humsikia tu. Hilo binamu yangu alinieleza wazi, nisije nikadhani wenzetu wameshamaliza.

Lakini alinisimulia jambo ambalo limenikaa. Anasema mama yule akienda nyumba mpya mara ya kwanza hashiki futi wala kalamu. Anaomba chai. Tena hataki apikiwe na watoto; anataka mzee mwenyewe aipike. Kisha anakaa jikoni anapiga soga, huku macho yanafanya kazi: birika la chai amelijaza mpaka wapi, sukari ameiweka rafu ya juu au ya chini, akigeuka anashika nini, akiketi anajitupa au anashuka taratibu. Chai ikiisha ameshajua nusu ya anayohitaji kujua, na mzee hajahisi kwamba amekaguliwa.

"Acheni kununua," binamu yangu akaniambia. "Kaa naye siku nzima, usiku pamoja. Usimsaidie ila akiwa anaanguka. Mwangalie tu."

Ilikuwa likizo ya Agosti. Nikachukua daftari la mistari kama la wanafunzi wangu, nikahamia kwa Mama. Kumwangalia mzazi wako bila kumsaidia ni kazi ngumu kuliko kumbeba. Mara kumi mkono wangu ulitoka wenyewe. Niliona mambo ambayo, nikiwa mtoto wa nyumba ile, nilipaswa kuyajua zamani. Niliona kwamba akiinuka kitandani husimama kwanza, macho amefumba, akihesabu kitu. Niliona anavaa kandambili za marehemu baba, namba mbili zaidi ya mguu wake, na nikijua kwa nini, sikuweza kuandika hilo daftarini bila kusimama kidogo. Niliona kitanda, ule ulili wa urithi, miguu yake haifiki chini akikaa ukingoni. Siku zote alipandia kibago, kile kistuli cha kukanyagia, na kibago hicho kilikuwa na mguu mmoja uliolegea.

Nikamuuliza mpwa wangu, kwa sauti ya mwalimu, Bibi huamka mara ngapi usiku. Akacheka. "Mara nne, tangu Ramadhani. Si ungeniuliza tu badala ya kuandika?"

Tangu Ramadhani. Neno lile ndilo lililofungua kila kitu. Mama ana presha, na katika vidonge vyake kimo kimoja cha kupunguza maji mwilini, kile ambacho watu hukiita cha kukojoza. Siku zote alikimeza asubuhi. Ramadhani ilipoingia akakihamishia usiku, baada ya futari, kama walivyofanya wenzake wote wa mtaani. Idi ikapita, saumu sita za Shawwal akazimaliza, kidonge kikabaki usiku. Hakuna aliyekirudisha. Kwa hiyo kila usiku kwa miezi tulikuwa tunamwamsha mara nne, gizani, akiwa na kizunguzungu cha dawa ya presha, kwenda kuinamia birika. Kisha tukamjengea vigae vya kung'ara.

Nilikwenda naye kliniki. Tabibu alisikiliza, akatazama kadi, akasema kirudi asubuhi, na akiamka akae ukingoni mwa kitanda kidogo kabla hajasimama. Ilichukua dakika tano. Wiki ile ile mara nne zikawa mara moja.

Nimelifikiria hili mno. Tabibu anajua dawa lakini hajawahi kuliona birika letu. Fundi analijua birika lakini hajui presha ni nini. Kaka zangu wana pesa, na pesa hazina macho. Mpwa wangu alijua vyote viwili, kidonge na birika, na huyo ndiye ambaye katika kundi lile la WhatsApp hatukumtia, kwa kuwa ni mtoto.

Nilipoanza kuuliza-uliza zaidi nikafika mpaka Japani, nchi ambayo sikutarajia kuifikia nikiwa natafuta dawa ya choo cha Mkomani. Wajapani walianzisha bima ya matunzo ya wazee mwezi Aprili 2000. Kila mkazi akifika miaka 40 huanza kuichangia. Mzee akithibitishwa kwamba anahitaji msaada hupata msimamizi wake, na Wajapani wameliazima neno la Kiingereza wakalitia sauti zao, wanamwita kea maneja. Huyu humwandikia mpango wa matunzo na kwa kawaida humtembelea nyumbani mara moja kwa mwezi. Bima hiyo pia inagharamia marekebisho ya nyumba mpaka yeni 200,000, mzee mwenyewe akitoa sehemu ya kumi, au zaidi kama kipato chake ni kikubwa. Na orodha ya yanayokubalika ni mambo madogo ajabu: kuweka vya kujishikia, kuondoa kidato kati ya vyumba, kubadili sakafu inayoteleza, mlango wa kusukuma kuwa wa kuteleza kando, choo cha kuchuchumaa kuwa cha kukalia.

Kilichonigusa ni karatasi moja. Kabla fundi hajagusa ukuta, lazima mtu kama yule msimamizi aandike sababu: mzee huyu, mwili wake uko hivi, siku yake inakwenda hivi, kwa hiyo kishikizo hiki kikae hapa. Bila karatasi ya sababu, pesa haitoki. Sisi tulikuwa na pesa, tukakosa sababu.

Nikaandika yangu. Ukurasa mmoja, kwa mkono, nikaupiga picha nikautuma kundini, na safari hii mpwa wangu yumo. Kaka wa Mombasa aliuliza kwa nini hakuna kitu kipya cha kununua. Nikamwambia soma tena.

Fundi tuliyempata ni mwashi wa zamani, mtu wa chokaa. Mwenzake wa kwanza, kijana, alikuwa ameshajaribu kufunga chuma cha kujishikia chooni kwa drili na plagi za plastiki. Kilidumu siku sita. Siku ya saba Mama alikivuta kikaja na kipande cha ukuta kama sahani. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa; unene wake unafika nusu mita lakini ndani ni laini, skrubu haipati pa kung'ata. Ukijaza saruji ili ikaze, saruji inafunga unyevu na chumvi ndani, na baada ya misimu miwili ukuta wenyewe unaanza kubambuka. Mwashi mzee alitazama lile shimo, akasikitika kama mtu aliyeona mnyama amepigwa, akasema, "Ukuta huu hautaki kuvutwa. Unataka kuegemewa."

Akajenga baraza. Kibaraza kidogo cha mawe kando ya birika, urefu wa kutoka goti la Mama mpaka chini, sentimita 42, tulimpima akiwa ameketi. Juu akaipiga chokaa ya kukwaruza, isiyo laini. Mama huketi pale kama mtu aliye dakani kwake, ndoo ya maji iko kifuani mwake, kata inafika bila kuinama. Ndoo hujazwa na mpwa wangu kila jioni. Vigae vya maziwa tuliving'oa vilivyo mbele ya birika tu. Vingine vimebaki, kaka asione uchungu. Mkeka wa pomboo uko dirishani, paka amemilikishwa.

Tulihitaji pia kiti cha kuweka juu ya choo cha kuchuchumaa. Vya plastiki vinauzwa, lakini vina miguu myepesi vinayumba. Nikamwendea seremala, nikamchorea: kiti kizito, mikono miwili, tundu katikati. Seremala wa Lamu ukimpa mbao hawezi kujizuia. Kiti kilikuja kimechongwa maua mgongoni, mawili na nusu, kama mlango mdogo. Mama alikitazama kwa muda. "Kiti cha enzi," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Ndicho kicheko cha kwanza tangu aanguke.

Ulili hatukuukata miguu. Kukata miguu ya ulili wa urithi ni jambo ambalo ningeulizwa na mababu. Tuligundua una magodoro mawili, la sufi chini na la sponji juu, kila moja lilinunuliwa na mtoto tofauti. Tukaliondoa la sponji. Miguu ikafika chini.

Sasa ngazi. Nilikuwa nimeshaamua kwamba Mama arudi juu kwenye wikio lake, daktari asamehe. Sikumpuuza, nilirudi kwake na daftari, tukazungumza, akasema neno lake lilikuwa la mkono uliovunjika, alikuwa hajui kwamba sisi tutalishika maisha. Lakini ngazi zile haziwezi kubadilishwa. Mji Mkongwe wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na hata kabla ya hapo ulikuwa chini ya sheria ya kuhifadhi mambo ya kale. Hubomoi wala hujengi upya bila kuuliza watu wa Makumbusho ya Taifa. Wengine hulalamika. Mimi nimekuja kuona kwamba katazo lile lilituokoa, kwa sababu kaka wa Mombasa alishaanza kuzungumzia lifti. Na mteremko wa kiti cha magurudumu, ule unaopendekezwa kwa vipimo vya kimataifa, ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo. Daka letu limeinuka sentimita 40 kutoka njiani. Mteremko wake ungekuwa karibu mita tano, na njia yetu haifiki mita mbili. Ungemshusha Mama moja kwa moja mpaka msanani kwa jirani.

Ngazi zilihitaji vitu vitatu. Taa: kuna kidaka ukutani chini ya ngazi, ambacho zamani, aliniambia Mama, kiliwekwa taa ya mafuta, tukakirudishia taa, ndogo ya sola, inayowaka yenyewe giza likiingia na haijali stima ikikatika. Ukingo wa kila kidato: nilitaka rangi ya manjano kama niliyoona kwenye picha za nje. Mama akakataa katakata, nyumba ya wazee wake si stesheni ya mafuta. Tukakubaliana chokaa nyeupe, utepe wa vidole viwili, hupakwa upya ikififia.

Na cha tatu, reli ya kushika. Nilimuuliza mwashi iwekwe kimo gani. Hakujibu. Alimulika simu yake ukutani, akapandisha mwanga polepole kufuata vidato. Pale nikaona kitu ambacho nimekipita maisha yangu yote. Kwenye chokaa, upande wa kulia, kuna mkanda wa rangi ya hudhurungi, umeng'aa kama ngozi ya kiatu kilichovaliwa sana. Unapanda pamoja na ngazi. Kwenye kidato cha tano na cha kumi, mkanda unanenepa na kuwa doa kubwa kiasi cha kiganja. Ni mafuta ya nazi, jasho, hina, na miaka. Pale tano na kumi ndipo anapopumzika. "Amekuandikia mwenyewe," mwashi akasema.

Tukapima, sentimita 88 kutoka kidatoni. Reli yenyewe ni mkoko. Mafundi wa Lamu hupanga miti ya mkoko kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Maelezo mengi ya nje husema cha kujishikia kiwe na unene wa sentimita tatu mpaka nne ili vidole vizunguke. Hiyo ni fito, mti mwembamba kuliko yote, ambao tunaufungia makuti. Alisimamisha pau chini na juu, zikaegemea sakafu na boriti za dari bila kuuvuta ukuta, akalaza fito zilizopigwa msasa kati yake. Gharama yote haikufika robo ya kiti cha magurudumu.

Nasema haya nikijua kwamba sisi tuna ndugu ng'ambo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Familia imetangulia kutajwa, na ndivyo ilivyo. Upande wa Serikali, Mama hupata Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa aliyefika miaka 70, zikija. Hununua sukari na kutoa sadaka, na hataki kusikia kwamba zingeweza kununua kitu kingine.

Lakini tunaye mtu mmoja ambaye angeweza kuwa yule msimamizi, na naona ajabu halisemwi. Mwaka 2023 Serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba yenye vipimo. Wa mtaa wetu ni mama mmoja wa hapa hapa. Anampima Mama presha, anaingia bila kubisha hodi mara mbili, anajua kila nyumba ina mzee gani na mzee gani anakaa na nani. Nilimwonyesha ukurasa wangu. Aliusoma akiwa amesimama, akauliza kama anaweza kuupiga picha. Wiki iliyofuata akaniambia ameingia nyumba tatu na kuuliza jambo moja tu, dawa ya kukojoza humezwa saa ngapi. Katika mbili ilikuwa usiku.

Mama alirudi juu mwezi wa Oktoba. Alipanda mwenyewe, mpwa wangu nyuma yake, mimi nyuma ya mpwa wangu kama mtu asiye na kazi. Nilisema, "Pole pole, Mama," akanijibu bila kugeuka, kwa Kiamu chake, "Maguu ni yangu, ndia naiyua." Akafika kwenye wikio, akakaa, na kabla pumzi haijarudi jirani wa ng'ambo alikuwa ameshaanza kumwelezea miezi miwili ya habari.

Juzi nililala kule. Saa kumi na nusu nilisikia kandambili, hizi za sasa, za kipimo chake. Alikuwa amekwenda chini kiwandani kutazama kama punda wa jirani ameingia tena, jambo ambalo si kazi yake. Nikasimama juu ya ngazi gizani nikamtazama akipanda. Taa ya kidakani ilikuwa inamulika ule utepe mweupe. Reli iko pale, laini, imara. Mkono wake haukuishika. Ulikuwa ukutani, chini ya reli, unapapasa chokaa tupu ambayo haina doa. Kwenye kidato cha tano alisimama, na kiganja kikatua vidole vitatu chini ya alama ya zamani.

Amepinda. Ile alama ilikuwa ya mama wa miaka kumi iliyopita. Asubuhi nilimpigia mwashi aje aishushe reli.